Mama Asiyemwona Mfalme

Watoto wa Ibidunni walikuwa na utani wao wa siku zote: kwamba mama yao anakijua vizuri kiwiko cha mfalme kuliko anavyoujua uso wa baba yao. Baba mwenyewe, alipokuwa hai, alikuwa akicheka na kusema si utani, ni kweli tupu.

Kwa miaka thelathini na minne mama huyo alikaa nyuma ya kioo cha posta mjini Ibadan, akigonga mihuri. Na kila mwaka, mwezi wa sikukuu ulipokaribia, aliomba likizo, akafunga kilemba chake cha buluu, akapanda basi kurudi kwao Ijemoye, kwa sababu moja tu: kumtazama mfalme akipita. Alisimama juani tangu asubuhi. Alisukumwa. Mwaka mmoja alipoteza kiatu, akarudi Ibadan na ndala za kuazima. Na alichopata ni nini? Siku ya sikukuu mfalme huvaa taji la shanga, na shanga hizo huning'inia mbele ya uso kama pazia. Basi katika miaka yote hiyo Ibidunni alikuwa ameona mkono ulioshika usinga, pindo la joho, na mara moja tu, upepo ulipovuma, kiwiko. Picha za magazetini alikuwa nazo tele, amezikata na kuzibandika kwenye daftari. Lakini alisema picha ni karatasi. Yeye alitaka kumwona.

Alistaafu akiwa na miaka sitini, mjane, watoto wote wameshakuwa watu wazima na makwao. Hata mwaka haukuisha, shangazi yake, Mama Olujoke, akafariki dunia. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mama Olujoke hakuwa shangazi wa hivi hivi. Alikuwa Iya Oba, Mama wa Mfalme. Pale Ijemoye, mtu akivikwa taji huhesabiwa amezaliwa upya, na aliyezaliwa upya lazima awe na mama mpya. Mama huyo hutoka katika ukoo wa kina Ibidunni, tangu enzi za mfalme wa kwanza. Akifa mmoja, mwingine huketi mahali pake, naye hurithi kila kitu: nyumba ng'ambo ya kijito, shanga nyeupe za mkononi, na mwana mwenye taji.

Ukoo ukakutana uani. Kaka yake mkubwa Ibidunni, Bamidele, dereva wa lori mstaafu mwenye sauti kama honi, ndiye aliyesimamia kikao. Yalitajwa majina matatu, mganga akapiga ramli yake ya kokwa, jina la kwanza likakataliwa, la pili likakataliwa.

"Ibidunni," akatangaza Bamidele. "Haya, dada. Unakubali au unatupotezea muda?"

Fikra iliyomjia, na baadaye aliikiri mwenyewe bila haya, haikuwa ya mila wala ya heshima ya ukoo. Alifikiri: sasa nitamwona.

"Nakubali," akasema.

Wakamvika nguo nyeupe siku saba. Wakamfunga shanga. Siku ya nane wakamketisha kwenye kigoda, na wakubwa wa mji wakaja mmoja mmoja kumsujudia, wanaume wenye mvi hadi kwenye nyusi wakilala kifudifudi sakafuni na kumwita Mama. Zamu ya Bamidele ilipofika, alisita.

"Mimi? Mimi niliyekuwa nakubeba mgongoni, unakojoa?"

"Lala chini, mwanangu," akasema Ibidunni, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Bamidele akalala, magoti yakilia.

Katika nyumba ile alimkuta Abeke. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, aliyemtumikia marehemu shangazi kwa miaka thelathini. Alijua kila kona na kila desturi ya nyumba, na ulimi wake haukuwa na breki. Wiki tatu za kwanza waliishi vizuri. Abeke alimfundisha mlango gani wa kuingilia na upi wa kutokea, nani apewe kokwa ya kola kwanza, na siku zipi hakupikwi kwa mafuta.

Asubuhi moja walikuwa wamekaa ukumbini wanakula bajia za kunde na uji. Ibidunni, mwenye furaha, akawa anazungumzia sikukuu ijayo. Ingekuwa kubwa kupita zote, kwa maana mfalme alikuwa anatimiza mwaka wa saba tangu kuvikwa taji. Gavana angekuja. Televisheni ingekuja.

"Nimeshafikiria nguo," akasema. "Unaonaje, Iya Abeke, nivae nyeupe au ile ya zambarau? Nataka nikisimama mbele yake…"

Abeke akaacha kutafuna.

"Mbele ya nani?"

"Ya mfalme, Kabiyesi wetu. Ya mwanangu," Ibidunni akacheka. Neno hilo bado lilimtekenya.

"Mama," Abeke akasema polepole, "hawakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba hamtaonana."

Ibidunni akadhani ni mzaha. Akamtazama usoni, akaona hakuna mzaha pale.

"Tangu siku anapovikwa taji," Abeke akaendelea, "mfalme na Mama yake hawatazamani. Yeye upande ule wa kijito, wewe upande huu. Akipita njiani, wewe unaingia ndani, chumba cha nyuma, mlango unafungwa. Hata akifa, hutamwona. Mkiwa na neno, linapita kwa mjumbe. Ndivyo ilivyo. Nilidhani kaka yako kakueleza."

"Bamidele?" Sauti ya Ibidunni ikapanda. "Bamidele hawezi kukueleza hata njia ya kwenda sokoni!"

Akasukuma bakuli la uji kando. Alijisikia kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, akafika dirishani, dirisha likafungwa. Na yeye kwa miaka thelathini na minne ndiye aliyekuwa akifunga madirisha hayo. Kwa hiyo wote waliosimama juani, wauza karanga, wanafunzi, wageni kutoka Lagos wasiojua hata wimbo mmoja wa mji, wote wangeweza kumwona mfalme, hata kama ni kiwiko. Yeye peke yake ndiye asingeweza. Na yeye ndiye mama!

Siku mbili alishinda chumbani. Abeke hakumbembeleza. Alipika, akafagia, akamwacha.

Siku ya tatu akaja Akinwande.

Akinwande alikuwa karani wa itifaki wa ikulu, mtu wa miaka arobaini hivi, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata, simu mbili mkononi, na jasho lisilokauka kwenye paji la uso. Alilala kifudifudi kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengi, akainuka, akafungua bahasha.

"Mama, nimekuletea ratiba ya sikukuu. Na hiki." Akamwekea miguuni kifurushi cha nguo ya kufumwa kwa mkono, nyekundu iliyotariziwa nyuzi za dhahabu, nzito kama blanketi.

Ibidunni akavaa miwani yake, akasoma. Saa nne, maandamano kutoka ikulu. Saa nne na nusu, salamu za gavana. Saa tano: *Mama wa Mfalme anamlaki mwanawe mlangoni kwake. Picha.*

Akausoma mstari ule mara ya pili.

"Hii imekaaje?" akauliza. "Nimeambiwa hatuonani."

"Zamani, Mama. Zamani." Akinwande akatabasamu. "Mji umebadilika. Watu wanaitazama ikulu kwenye simu, wapo Houston, wapo London, wanataka kuona kitu kinachogusa moyo. Mama na mwana. Mtazamane, mkumbatiane kidogo, basi. Watu watalia machozi. Hii nyumba itajulikana dunia nzima."

"Na Kabiyesi mwenyewe anasemaje?"

"Ameridhia. Anakusubiri wewe tu."

Nyuma ya pazia la mlango, Abeke alikohoa kikohozi kikavu kisicho cha mafua.

Ibidunni akakunja karatasi taratibu. "Njoo kesho, nitakujibu," akasema.

Akinwande alipoondoka, Ibidunni akaifungua ile nguo. Akaijaribu. Akajitazama katika kioo cha kabati la shangazi yake, akajiona mtu. Akampigia simu binti yake wa Ibadan, ambaye hata hakumwacha amalize.

"Mama, kwani kuna swali hapo? Maisha yako yote! Wamekufungulia mlango wenyewe, ingia!"

"Iya Abeke amenuna."

"Iya Abeke ndiye Iya Oba, au wewe?"

Jioni, jua likiwa bado kwenye mapaa, Ibidunni alimkuta Abeke uani akipepeta kunde. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, bado amevaa ile nguo nyekundu.

"Sema," akamwambia. "Najua una la kusema. Umekohoa toka mchana."

"Mimi ni mtumishi. Nitasema nini?"

"Iya Abeke, usinichezee."

Abeke akaweka ungo chini.

"Yule mfalme aliyepita, unajua alilelewa wapi?"

"Ikulu, si ndiyo?"

"Hapa. Hapa uani. Mama yake mzazi alikufa akiwa mchanga, akaletwa kwa shangazi yako, wakati huo shangazi yako ni msichana tu, anaishi humu kwa Iya Oba wa zamani, hana cheo chochote. Alimbeba mgongoni. Alimfundisha kutembea kwa kushika ukingo wa kisima kile. Mtoto alikuwa na kigugumizi, na ni yeye aliyemtoa kigugumizi, kwa nyimbo. Akakua, akasoma, akawa mwalimu huko Ilesa, na kila likizo anakuja kula hapa. Halafu wakamchagua kuwa mfalme. Mwaka huohuo Iya Oba wa wakati ule akafa, na ukoo ukamchagua shangazi yako."

Ibidunni alikuwa anajua vipande vya habari hiyo, lakini hakuwahi kuviweka pamoja.

"Alikuwa na nafasi ya kukataa," Abeke akasema. "Angekataa, angekuwa shangazi tu, angekwenda ikulu kumwona kila siku anayotaka. Akakubali. Miaka ishirini na minne hakumwona tena. Yule mtoto wake."

"Kwa nini alikubali?"

"Nilimuuliza swali hilohilo. Akaniambia, 'Abeke, wote waliomzunguka wanamwogopa au wanamtaka kitu. Nikienda ikulu kama shangazi, nitapiga magoti kama wengine, nitamwona na lile taji, nitanyamaza. Na siku nikimwona bila taji nitaona mtoto wangu, nitamhurumia, nitanyamaza vilevile. Nikiwa huku, simwoni, siogopi, simhurumii. Naweza kumuuliza.'"

"Kumuuliza nini?"

Abeke akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hata hilo hawakukwambia? Maswali matatu! Kila siku ya soko, mjumbe wa ikulu anakuja hapa asubuhi, Mama anampa maswali matatu, anayapeleka kwa mfalme, na mfalme lazima ayajibu. Lazima, Mama. Ni kiapo chake cha taji. La kwanza: umekula? La pili: umelala? La tatu: nani amekudanganya?"

Ibidunni akarudia kimoyomoyo. Nani amekudanganya.

"Na anajibu?"

"Yule alijibu. Kuna mwaka walimletea karatasi atie saini, soko lihamishwe, pale pajengwe kituo cha mafuta. Wakamwambia akina mama wa sokoni wote wamekubali. Alikuwa tayari kutia saini. Siku ya soko likaja lile swali la tatu. Mjumbe mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Mfalme akasema, sijui, ngoja nitazame. Akavaa nguo za kawaida, akaenda sokoni, akawauliza akina mama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari." Abeke akachukua ungo wake tena. "Soko liko palepale. Wewe mwenyewe ulinunua nyanya huko juzi."

"Mbona mimi nina wiki tatu na ushei hapa na sijaona mjumbe?"

"Huyu mfalme mpya alipoingia, ikulu ikaleta watu wapya, wasomi. Wakasema mambo ya kutuma mtu kila siku ya soko ni ya kizamani, wakatengeneza kadi. Anapelekewa mfalme mara moja kwa mwaka, ina maua. *Mama anakutakia heri.* Shangazi yako alikuwa ameshakuwa mgonjwa, hakuwa na nguvu ya kugombana." Akapepeta mara mbili. "Kwa hiyo nenda kapige picha, Mama. Mimi sikukatazi. Lakini mkishakumbatiana mbele ya gavana, ujue hutakuwa na uso wa kumuuliza chochote. Utakuwa kama sisi wengine. Utapenda tu."

Ibidunni alikaa pale mpaka kunde zikaisha, mikono mapajani juu ya zile nyuzi za dhahabu. Kupenda tu alikuwa ameshakufanya kwa miaka thelathini na minne, nako kulikuwa kuzuri, hakukujutia hata kidogo. Lakini alijiuliza kama katika miaka hiyo yote, akikodoa macho atazame pazia la shanga, aliwahi hata mara moja kufikiri kwamba mtu aliye nyuma yake huenda hajala.

Akinwande alikuja asubuhi, simu mbili, jasho lake. Ibidunni alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amevaa nyeupe. Ile nguo nyekundu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya meza.

"Sitamlaki," akasema kabla Akinwande hajamaliza kusujudu. "Atakapopita nitakuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa."

Akinwande akabaki nusu ameinama, nusu amesimama.

"Mama… ratiba imeshachapwa. Ofisi ya gavana wanayo. Televisheni…"

"Waambie wapige picha ya mlango. Ni mlango mzuri, una nakshi."

"Mama, nakuomba."

"Sijamaliza. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Nakuuliza ya wiki ya mji, si ya kalenda."

Akinwande akafikiri. "Ni… ni siku ya soko."

"Vizuri. Basi wewe ni mjumbe. Utamchukulia mwanangu maswali matatu. Rudia nyuma yangu, nisije nikasikia umeyapoteza njiani. Umekula?"

"Umekula," akasema Akinwande, kwa sauti ndogo.

"Umelala?"

"Umelala."

"Nani amekudanganya?"

Akinwande akageuzageuza simu zake mkononi.

"Sijakusikia, mwanangu."

"Mama, hilo siliwezi." Akafuta paji la uso kwa mkono wa kanzu, ile pasi yote ikaharibika. "Nitasimamaje mbele ya Kabiyesi niseme maneno hayo? Mimi ni karani!"

"Si maneno yako. Ni yangu. Wewe ni miguu tu."

"Akiniuliza yametoka wapi?"

"Yametoka kwa mama yake. Anao wangapi?"

Akinwande akatazama sakafu, akatazama pazia la mlango ambako bila shaka Abeke alikuwa amesimama, akatazama ile nguo nyekundu. Kisha, bila kuambiwa, akapiga magoti, safari hii taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Mama, nisamehe. Akiulizwa hivyo leo, jibu ni mimi."

"Kivipi?"

"Nilimwambia umeshakubali. Kabla hata sijaja kwako. Aliniuliza, 'Desturi inaruhusu?' Nikasema ndiyo, Mama mwenyewe ameomba. Nilijua utafurahi. Kila mtu anajua unavyompenda Kabiyesi. Nikadhani nikija hapa utakubali tu, na uongo utakuwa umegeuka kuwa kweli." Akaweka simu zote mbili sakafuni. "Na zile kadi za maua, zile pia ni mimi. Maswali yote niliyafuta mimi. Niliona lile la tatu litawaudhi wakubwa."

Nyuma ya pazia Abeke akaguna, "Haya!"

Ibidunni alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alimwona mtu aliyekimbia mno na mizigo mingi mno kichwani, akijaribu kumfurahisha kila mtu. Wateja wa namna hiyo aliwahudumia wengi pale posta. Akamwinua kwa mkono.

"Umekunywa chai?"

"Sijanywa, Mama."

"Iya Abeke! Mletee huyu bajia na uji. Akimaliza ataondoka na maswali yake matatu. Na la tatu, Akinwande, ulifikishe kama lilivyo. Akitaka jibu, wewe unalo."

Akinwande alikula mpaka akamaliza. Akaondoka akitembea kwa miguu, simu zote mbili zimezimwa, midomo ikichezacheza kama mtoto anayekariri.

Siku hiyo hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Abeke akasema ama amefukuzwa kazi, ama amekimbilia Lagos. Siku ya tatu ilikuwa sikukuu yenyewe.

Ngoma zilianza mapema. Ngoma za Ijemoye husema, na anayezielewa alisikia zikitaja wafalme wote kwa majina yao ya sifa, mmoja baada ya mwingine. Barabara ya mbele ya nyumba ikajaa. Ibidunni akaoga, akavaa nyeupe, akaenda chumba cha nyuma, akakaa kitandani. Abeke akaja kufunga mlango, akataka kukaa naye ndani, kama alivyokaa na marehemu kila sikukuu.

"Wewe unakaa humu kwa nini?" Ibidunni akamuuliza. "Sheria inakuhusu nini?"

"Inanihusu nini? Shangazi yako alikuwa amekaa peke yake, ningekwenda kucheza ngoma?"

"Kwa hiyo miaka thelathini hujamwona mfalme yeyote?"

"Wa nini?"

"Toka," akasema Ibidunni. "Nenda kamtazame. Ukirudi unieleze. Vaa kilemba changu cha buluu, hicho kina bahati ya kusukumwa."

Abeke akabisha. Akabisha tena, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kuondoka. Mlango ukafungwa.

Ibidunni akabaki na sauti. Zilipokaribia alizitambua zote kwa kuwa alikuwa amesimama ndani yake miaka mingi: vigelegele vinavyotangulia, halafu tarumbeta, halafu ule mngurumo wa watu wengi wakiinama kwa pamoja, *Kabiyesi o!* Dirisha dogo la chumba lilikuwa ubavuni mwa nyumba, na kutoka hapo barabara ingeonekana. Lilikuwa na ubao tu, usio na kufuli. Angeusukuma kwa kidole kimoja. Aliutazama ubao ule kwa muda, mikono imeshikana. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke, wala hayakuwa machungu. Mngurumo ukafika mlangoni, ukasimama. Ngoma zikanyamaza. Mfalme alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mama yake, kama ratiba ilivyosema, na mlango haukufunguka. Ukimya ule ulidumu kiasi cha mtu kuvuta pumzi tano. Kisha ngoma zikaanza upya, zikavuka daraja, zikaenda zao.

Abeke alirudi saa nane, kilemba kimekwenda upande, sauti imekauka kwa vigelegele.

"Umemwona?"

"Nimemwona!"

"Yukoje?"

Abeke akakaa chini kwenye mkeka. "Alisimama pale mlangoni," akasema. "Watu wote wanangoja utoke. Gavana anangoja. Naye akainama, Mama. Na taji lake kichwani, akauinamia mlango. Sijawahi kusikia mfalme ameinama."

Walikuwa bado wamekaa hivyo Akinwande alipobisha hodi. Kanzu yake ilikuwa imejaa vumbi. Akalala kifudifudi, akakaa.

"Hujafukuzwa?" Abeke akamuuliza.

"Bado." Akamgeukia Ibidunni. "Mama, nimeleta majibu. Alisema nisiyalete mpaka sikukuu ipite, ili nisije nikakuongezea presha. La kwanza: amekula, lakini chakula cha ikulu hakina pilipili, na anaogopa kuwaambia wapishi wasije wakadhani amewakasirikia. La pili: analala kwa saa nne au tano tu usiku mzima. La tatu…" Akasita. "Nilipolitamka, akainua kichwa. Akaniambia, 'Miaka saba nipo hapa, kwa nini sijawahi kuulizwa hili?' Nikamwambia yote. Kadi, ratiba, yote."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwambie Mama, leo ni Akinwande. Lakini amekuja kusema mwenyewe, kwa hiyo nitakaa naye. Wengine nitamtajia siku za soko zijazo, na awe na subira, ni wengi.'"

Abeke akacheka mpaka akashika mbavu. Ibidunni hakucheka. Alikuwa akiyakusanya maneno yale moja moja, yule mtu asiyetaka kuwaudhi wapishi, yule alalaye kwa saa nne tu usiku. Aligundua kwamba anamjua sasa. Amemjua zaidi kwa siku tatu kuliko alivyomjua kwa miaka yote ya kusimama juani.

"Kuna moja zaidi, Mama," akasema Akinwande. "Sijui kama desturi inaruhusu. Anauliza kama na yeye anaweza kukuuliza."

"Anauliza nini?"

"Umekula?"

Ibidunni akafikiri. Tangu jana jioni hakuwa ametia kitu kinywani, wala hakuna mtu aliyekumbuka, hata yeye mwenyewe.

"Mwambie bado," akasema, akainuka. "Mwambie ndiyo naenda kula sasa hivi. Na subiri, usiondoke. Iya Abeke, pilipili ya kusaga bado ipo? Tia kwenye chupa, uifunge vizuri, huyu ataondoka nayo."

Akaenda jikoni mwenyewe, akafunua sufuria, na Akinwande akasikia mama wa mfalme akiwasha moto.